Jaramogi na shilingi za wanyonge

Anapotajwa marehemu Jaramogi Oginga Odinga, Wakenya wengi hukumbuka mzee mwenye kofia ya shanga na usinga mkononi, makamu wa kwanza wa Rais, aliyekosana na Mzee Jomo Kenyatta na kuishia kizuizini. Hiyo ni kweli tupu, wala sina haja ya kuipinga. Lakini mimi huona kuwa tumemkumbuka kwa nusu ya maisha yake na kuisahau nusu nyingine, tena ile iliyotangulia na kuizaa hii ya pili. Kabla hajawa mwanasiasa, Jaramogi alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki akaanza kukusanya shilingi za watu maskini. Nataka leo nimzungumzie mtu huyo, maadamu mambo aliyokuwa akihangaika nayo miaka ile bado yanatuhangaisha sisi.

Alizaliwa yapata 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, upande wa Bondo, mahali ambapo upepo wa ziwa husikika shambani. Alisoma Maranda, kisha Maseno, halafu Alliance kule Kikuyu, na hatimaye Makerere. Aliporudi nyumbani alifundisha katika shule za misheni, na kuanzia 1943 akawa mkuu wa shule ya mifugo ya Maseno. Kwa kipimo cha wakati ule alikuwa amekwisha kufika. Mwafrika aliyetoka Makerere akapata mshahara wa ualimu, nyumba ya misheni na heshima ya kanisa, alitakiwa kushukuru na kunyamaza.

Yeye hakunyamaza. Wanawe wa kwanza walipozaliwa, alikataa katakata kuwabatiza kwa majina ya Kizungu. Alitaka waitwe kwa majina ya Kijaluo, Oburu na Raila, na wakuu wa dini hawakutaka kusikia habari hiyo. Yeye mwenyewe, aliyekuwa amebatizwa Obadiah Adonijah, aliyaweka kando majina hayo yote mawili. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ubishi wa kijana aliyesoma. Kwangu mimi ni mlango wa kuingilia katika fikira zake. Mtu asiyekubali kuazima hata jina hawezi kukaa kwa raha katika mji ambao duka, kinu, kiwanda cha kuchambua pamba na mizani ya kuipimia vyote ni vya wengine.

Na hivyo ndivyo ulivyokuwa mji wa Kisumu. Reli ilifika pale Desemba 1901, wakati bandari ikiitwa Port Florence, na baada ya reli wakaja wafanyabiashara wa Kihindi, maofisa wa serikali na kampuni za Wazungu. Mkulima wa Gem, Alego au Nyakach alilima pamba, akaibeba kichwani hadi kituoni, akaambiwa bei ambayo hakushiriki kuipanga. Mvuvi wa Dunga na Asembo Bay naye aliuza samaki wake ufuoni kwa bei ya jioni, kwa kuwa samaki hawangoji asubuhi. Fedha zile zilipita mikononi mwa wenyeji kama maji katika kapu: kodi ya serikali, karo ya shule, nguo na sukari kwa dukawala, basi.

Mkopo nao haukuwapo. Sheria ya 1948 iliyohusu kuwakopesha Waafrika ilisema kwamba deni la zaidi ya shilingi 200 halingeweza kudaiwa mahakamani ila kwa idhini ya ofisa wa serikali. Wenye sheria walijitetea kwamba wanamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Pengine baadhi yao waliamini hivyo. Lakini tazama matokeo yake: mwenye duka la jumla hakuthubutu kumwamini mfanyabiashara wa Kiafrika kwa shehena ya maana, na benki za mjini hazikuwa na sababu ya kumfungulia mlango. Hati ya shamba aliyoweza kuiweka rehani hakuwa nayo, maana ardhi ya ukoo haikuwa na hati. Alibaki na njia moja tu, nayo ni kuweka shilingi yake pamoja na shilingi ya jirani.

Nijuavyo, jambo hilo halikuwa geni kwa Wajaluo. Palikuwapo na saga, ambapo majirani walilima shamba la mwenzao leo na kesho wakalima la mwingine. Na kina mama wa pwani za ziwa wamekuwa na nyoluoro yao, mchango unaozunguka kutoka kwa huyu hadi kwa yule, ambao hata leo husomesha watoto wengi kuliko misaada mingi ninayoisoma magazetini. Jambo geni lilikuwa ni kumwomba mtu atoe fedha yake, aipeleke kwa mtu asiye wa ukoo wake, apewe karatasi, kisha angoje miaka.

Hapo ndipo Jaramogi alipoanzia. Katikati ya miaka ya 1940 yeye na wenzake wachache, walimu kwa sehemu kubwa, waliunda chama cha kuweka akiba upande wa Bondo. Chama kile kidogo ndicho kilichokua kikawa shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, lililoandikishwa 1947, makao yake ya mwanzo yakiwa Maseno. Jaramogi aliacha kazi ya ualimu akawa meneja wake. Hebu fikiri, msomaji: mtu mwenye mke na watoto wadogo anaacha mshahara wa uhakika ili akauze hisa za kampuni isiyo na nyumba, isiyo na gari, isiyo na kitu ila jina na daftari.

Kampuni ile haikuwa benki kwa maana ya sheria. Haikupokea amana na kulipa riba kwa kaunta. Lakini kwa kazi iliyokusudia kuifanya, yaani kuzikusanya akiba ndogo ndogo za wakulima, wavuvi na vibarua na kuzigeuza kuwa mtaji, ilikuwa ndiyo benki pekee ambayo mtu wa kijijini angeweza kuiita yake. Benki ya Ushirika ya Kenya, ambayo leo tunaiona kila mji, iliandikishwa 1965 na kuanza kazi ya benki 1968. Jaramogi na wenzake walikuwa wamekwisha kuitangulia kwa miaka ishirini.

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo hesabu ya mwalimu ilipoonekana. Aligundua mapema kwamba vijijini kuna watu wengi lakini shilingi ni chache, na kwamba Wajaluo wenye mshahara wametawanyika kote Afrika Mashariki: katika karakana za reli Nairobi, bandarini Mombasa, Kampala na Jinja, na kule Tanganyika. Akawafuata huko huko. Alisafiri kwa gari moshi na kwa basi, akalala katika nyumba za watu, akahutubia mikutano ya Jumapili katika makao ya vibarua, akieleza hisa ni nini na faida ni nini kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kumiliki kitu kisichoshikika kwa mkono. Aliwauliza kwa nini mji wa nyumbani kwao uwe na nyumba za kila mtu isipokuwa zao.

Safari zile zilimfundisha Jaramogi mengi kuliko zilivyowafundisha wenye hisa. Alijua majina ya watu, koo zao, na shida zao katika kila kambi ya reli. Alipokuja kuwa Ker, kiongozi mkuu wa Luo Union, katika miaka ya 1950, alikuwa amekwisha kuupita mtandao wote ule kwa miguu yake. Na alipokuja kuomba kura, watu walikuwa wamekwisha kumpa kitu kigumu zaidi kutolewa kuliko kura, nacho ni fedha.

Ushahidi ulioonekana wa kazi ile ulikuwa Nyumba ya Ramogi mjini Kisumu. Mtu wa leo anayepita kati ya maghorofa ya vioo hawezi kuelewa nyumba ile ilikuwa na maana gani. Biashara ya katikati ya mji ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Mwafrika aliingia kununua, kufagia au kupeleka barua. Kuwa na jengo la kudumu, lenye jina la Ramogi, babu wa Wajaluo, tena lililojengwa kwa hisa za wapakiaji wa bandarini na wauza samaki, lilikuwa jambo la kumfanya mtu asimame barabarani atazame. Maofisa wa serikali hawakulifurahia. Walikuwa wakimwona mwalimu yule wa zamani kama mchochezi aliyejificha nyuma ya daftari la hesabu, na siwezi kusema walikosea kabisa. Mwaka ule ule wa 1947 alikuwa ameanza kuingia katika mabaraza ya wenyeji, akilumbana na machifu.

Shirika liliingia pia katika uchapaji. Mtambo wa Ramogi Press ulichapa magazeti ya Waafrika, likiwamo Nyanza Times lililohusishwa na Ramogi Achieng' Oneko. Kwa upande wa biashara tupu, hili halikuwa chaguo la mtu anayetafuta faida ya haraka. Magazeti hayakuwa na matangazo ya kutosha, wasomaji walikuwa wakiazimana nakala moja watu kumi, na serikali ilikuwa ikiyachungulia kila ukurasa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Oneko alitiwa nguvuni pamoja na Kenyatta, na magazeti mengi ya Waafrika yakapigwa marufuku. Mtaji wa mkulima wa pamba ulikuwa umezama humo.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa Jaramogi hawapendi kulisikia. Luo Thrift haikumtajirisha mwenye hisa. Mtaji wake ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, kisha ukatandazwa juu ya shughuli nyingi mno: majengo, maduka, uchapaji. Meneja alikuwa yeye, mhubiri wa kampuni yeye, mpatanishi wa ugomvi wa wanachama yeye. Wenye hisa wengi walinunua moja au mbili, wakakaa wakingoja mgawo wa faida, na shirika likawa likiwaeleza habari za heshima na umoja. Heshima na umoja ni vitu vizuri, lakini mjane aliyeuza kuku ili anunue hisa ana haki ya kuuliza kuku wake ametaga nini. Marehemu Profesa E. S. Atieno Odhiambo, mwanahistoria wetu aliyeichunguza kampuni hii kwa makini, aliifuata habari yake hadi katikati ya miaka ya 1950, na kwa maoni yangu alipachagua vyema pa kukomea. Baada ya hapo roho ya shirika ilikuwa imehamia kwingine.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu anayelifahamu. Marehemu mama yangu alikuwa mwanachama wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima, miaka mingi baada ya Luo Thrift. Alikatwa fedha zake za pamba msimu baada ya msimu kwa ajili ya hisa na akiba. Kamati zilibadilika, mizani ilibadilika, daftari likapotea, na siku alipokwenda kuomba chake ili alipe karo, alipewa soda na kiti cha kungojea. Hakukiona hata senti. Ndiyo maana kila ninaposikia wanasiasa wakimsifu Jaramogi kwa maneno matamu juu ya umoja wa wanyonge, mimi hutaka kujua kwanza habari za daftari.

Na katika jambo la daftari, tofauti ipo, tena kubwa. Miaka yote ile ya kukusanya fedha kutoka Mombasa hadi Kampala, Jaramogi hakujenga jina la mtu aliyekula fedha za watu. Alikuwa na maadui tele, serikalini na nyumbani, ambao wangelifurahia sana kulitangaza jambo hilo. Watu walilalamika kwamba shirika halina faida; hawakuacha kumwamini. Mwaka wa 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, alisimama Nyanza ya Kati dhidi ya Apolo Ohanga, waziri wa kwanza wa Kiafrika katika serikali ya kikoloni, akamshinda. Wapiga kura wale walikuwa wameona jinsi anavyoshika fedha. Sijui mtahini mkali zaidi ya huyo.

Katikati ya kazi hizo alipata nafasi ya kuzuru India, 1953, na akaandika kitabu kwa Kijaluo kuhusu safari hiyo. Alivutiwa na viwanda vidogo vya vijijini na jinsi nchi masikini ilivyojaribu kujivika nguo zake yenyewe. Nadhani safari hiyo ilimthibitishia jambo alilokuwa akilishuku, kwamba duka na kinu havitatosha ikiwa sheria, bei na leseni zote zinapangwa na mtu mwingine. Kuanzia hapo aliiacha biashara taratibu akaishika siasa kwa mikono miwili. Wako wanaosema aliwatoroka wenye hisa wake. Mimi naona aliwafuata adui zao hadi ofisini kwao, ingawa nakubali kwamba aliyebaki nyuma kulinda duka hakuwa na uwezo wake.

Mengine yanajulikana, na sitachosha wasomaji. Mwaka wa 1958 alisimama barazani akawatetea Kenyatta na wenzake waliokuwa kifungoni, wakati ambapo hata rafiki zake waliona ni kichaa. KANU ilipoundwa 1960 akawa makamu wa rais wa chama. Mwaka wa 1963 akawa waziri wa mambo ya ndani, kisha Makamu wa Rais wa Jamhuri kuanzia Desemba 1964. Mkutano wa Limuru wa Machi 1966 ulimvua cheo chake chamani, akajiuzulu serikalini mwezi uliofuata na kukiongoza chama cha KPU. Oktoba 25, 1969, Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, palizuka ghasia, risasi zikalia, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini hadi 1971.

Katika miaka ile ya ugomvi, mji wa Kisumu na mashamba yaliyouzunguka ulilipa gharama ambayo hakuna mhasibu aliyeipiga hesabu. Nani angewekeza fedha katika eneo lililokuwa likitazamwa kwa jicho la uadui? Nani angehimiza vyama vya wakulima ambavyo viongozi wake walikuwa na kadi ya KPU mfukoni? Najua wapo watakaoniambia kuwa pamba ilianguka kwa sababu ya bei na usimamizi mbaya kote nchini, si kwa sababu ya siasa za Nyanza. Hilo nalikubali nusu.

Kuna jambo moja dogo ambalo waandishi wa maisha yake hulipita mbio, nami hupenda kulisimamia. Mwaka wa 1979 Rais Moi alimteua Jaramogi kuwa mwenyekiti wa bodi ya taifa ya kununua na kuuza pamba. Mzee yule wa Sakwa, aliyeanza maisha yake ya biashara akiwahurumia wakulima wa pamba waliopunjwa kwenye mizani, sasa alikaa juu ya mizani yenyewe. Yamkini palikuwa na nafasi ya kukamilisha kazi ya 1947 kwa nguvu za dola. Lakini hakudumu. Ulimi wake haukukoma kumshutumu Kenyatta aliyekwisha kufariki, na kiti kikaondolewa chini yake. Mwaka wa 1982 alipotaka kuanzisha chama kipya, Katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa ya chama kimoja kisheria, na mwisho wa mwaka ule akafungiwa nyumbani kwake. Wakulima wa pamba nao waliendelea kungoja malipo yao. Wengi wakang'oa.

Alirudi uwanjani 1991 akiwa na miaka kama 80, mmoja wa vigogo wa FORD, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 aliwania urais kwa tiketi ya FORD-Kenya akashika nafasi ya nne. Halafu likaja jambo la 1993 ambalo lazima nilitaje, kwa kuwa nimekuwa nikizungumza habari za fedha na uaminifu. Jaramogi alikiri hadharani kwamba alipokea mchango wa shilingi milioni 2 kutoka kwa mwenye kampuni ya Goldenberg, kampuni iliyokuwa ikituhumiwa kufyonza hazina ya taifa. Baadhi ya vijana waliokuwa pamoja naye katika uongozi wa chama walijitenga naye. Mimi sijapata kulimeza jambo hilo vizuri. Mtu aliyekusanya shilingi moja moja za halali kwa miaka kumi, akaandika kila moja, anapokea milioni 2 kwa mkupuo mmoja kutoka mkono kama ule! Angalau alikiri. Katika siasa zetu hata hilo ni nadra, lakini halitoshi kulifuta doa.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alifariki Kisumu, Januari 20, 1994, akazikwa nyumbani kwake Nyamira, Bondo. Leo hospitali ile ya ghasia za 1969 ina jina lake. Bondo kuna chuo kikuu chenye jina lake. Na barabara kuu ya biashara mjini Kisumu, ile yenye maduka na benki pande zote mbili, nayo inaitwa Oginga Odinga. Vyama vya akiba na mikopo vimejaa kote ukanda wa ziwa, vya walimu, vya wakulima wa miwa, vya wavuvi, vya vijana wa bodaboda, na kila mwaka hatukosi kusikia kimoja ambacho fedha za wanachama hazionekani.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa Nyanza na kwa wale ambao wazee wao walifanya kazi reli au bandarini miaka ile. Yamkini katika masanduku ya bati, chini ya vitanda vya mabibi zetu, mmebaki vyeti vya hisa vya Luo Thrift, stakabadhi za shilingi kadhaa, barua zenye saini ya meneja. Msivichome wala msivitumie kuwashia moto. Vipelekeni Maseno, ambako sasa kuna chuo kikuu, au katika jumba la makumbusho Kisumu, vikaandikwe majina ya wenyewe, mmoja mmoja, pamoja na kiasi alichotoa kila mtu.